Tupeane uzoefu: Ndani ya Nairobi, wewe hujitenga wapi?

Mwanzisha mada
Salaam wanajukwaa. Naomba tusimuliane kuhusu mahali ambapo kila mmoja wetu hujitenga ili asali, atafakari au akae kimya tu. Sizungumzii hoteli za Naivasha. Nazungumzia kona ambayo ukiikosa juma zima unahisi umepungukiwa. Tuelezeni pia ni nani anayekulindieni kona hiyo, kwa maana naamini kwamba katika jiji lililojaa watu kama hili, hakuna awezaye kujitenga bila wenzake kumridhia.

Mimi huenda Karura, asubuhi za katikati ya juma, nikakaa karibu na maporomoko ya maji. Msitu ule wa takriban hekta 1,000 ungalikuwa majumba leo. Mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa ardhi ya msitu huo, na kila niketipo pale najua utulivu wangu uligharimiwa na watu wengine.

Mwana wa Pumwani
Assalaam alaykum. Kwangu mimi ni msikitini, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Anayekusudia itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada tu, huingia kabla ya jua kuzama, jioni ya kuamkia usiku wa ishirini na moja, naye hatoki ila kwa haja ya lazima mpaka mwezi wa Idi uandame. Mimi huchukua godoro jembamba, shuka, msahafu na mswaki. Tunafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, tunatundika shuka, na kila mtu anapata upana wa kulala na kusujudu, haupiti hapo. Shuka haizuii sauti, kwa hiyo usiku wa manane unamsikia jirani akikohoa, na pengine akilia katika sujudu, lakini asubuhi hakuna amuulizaye alikuwa akiliani. Anayetaka kukuamsha kwa daku huitikisa kamba kidogo, wala haifunui shuka.

Kuhusu swali la nani anayelinda, jibu langu ni mke wangu. Siku zote hizo watoto, duka na wageni humwangukia yeye, na kina mama wa mtaa ndio wanaotuletea uji na tambi za futari katika masinia yaliyofunikwa vitambaa. Thawabu ya itikafu ile siwezi kuihesabu kuwa yangu peke yangu.

Bawabu wa mjini
Mimi huingia kanisani katikati ya jiji wakati wa mapumziko ya mchana, nikakaa benchi la nyuma. Sijawahi kuulizwa mimi ni wa dhehebu gani, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwauliza wengine wanakokwenda, jambo hilo ni kubwa mno.

Mama wa Umoja
Sisi wa vyumba vya kupanga hatuna msitu wala benchi. Mahali pangu ni juu ya paa la ploti, baina ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo, saa ambayo jua linaelekea kuchwa. Nakaa juu ya mtungi mtupu wa maji, mgongo umeegemea tangi ambalo bado lina joto la mchana, na honi za matatu zinasikika kwa mbali. Majirani wakija kuanua nguo hunisalimu kwa kichwa tu, kisha hushuka.

Mzee wa Kinoo
Wanangu, nawapongeza, ila naomba tutenganishe mambo mawili. Kona ya mtu hufa naye, lakini mahali patakatifu huwapo kabla yetu na hubaki baada yetu. Kwetu Wagikuyu mti wa mugumo ulikuwa mahali pa sadaka, wazee wakiomba huku wameuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na hakuna aliyethubutu kuukata hata tawi. Wangari aliyetajwa hapo juu alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti huo kwa kuwa ni wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima alikuta umekatwa na kijito cha karibu kimekauka. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa ukatwe, watu wakapinga, na serikali ikaamuru uachwe. Mimi nikipita pale kwa basi huvua kofia.

Mwalimu wa Pipeline
Shikamoo mzee. Mama wa Umoja, paa letu hufungwa kwa kufuli kila jioni. Wewe uliruhusiwa vipi?

Mama wa Umoja
Mwalimu, nilimwendea msimamizi wa ploti mwisho wa mwezi, kodi ikiwa imeshalipwa, nikamweleza wazi kwamba natafuta pa kusali, wala sikusingizia nguo. Hofu yake ilikuwa watoto kuanguka na maji ya tangi kuchezewa. Tulikubaliana kwamba nisipande na mtoto, nifagie paa kila Jumamosi, na ufunguo niurudishe mkononi mwake kabla ya saa mbili usiku. Mpelekee masharti hayo wewe mwenyewe kabla hajakuuliza.