NIMEAMBIWA NIKANUNUE BAISKELI. MIMI. MBELE YA MKE WANGU!

Matope_Jumamosi:
Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na sijui kama ni hasira au ni usukani.

Yule fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule anayepokea simu na kusema "niko njiani" huku unamwona amekaa. Nilimpelekea pikapu yangu, tulivu kama kondoo, nikamweleza taratibu: Jumatatu mpaka Ijumaa naendea kazini kwenye lami, Jumamosi naingia nayo porini, mzigo sibebi zaidi ya hema na ndoo ya maji. Niinulie inchi 2 tu, nisiwe nakwangua tumbo kwenye makorongo.

Naenda kuichukua, nakuta mnara. Mke wangu kupanda ilibidi nimsukumie kwa nyuma kama gunia. Barabarani nikikanyaga njiti ya kiberiti, meno ya juu yanasalimiana na ya chini. Ikifika mwendo wa 80 inaanza kuchagua njia yake, mara kushoto mara kulia, kama ina miadi na mtu mwingine.

Nikageuza, nikarudi. Nikamwambia kwa adabu, fundi, hii inayumba. Hakuinama hata kuangalia! Alilipiga tairi teke, akacheka, akasema: "Hii sasa ni pikapu ya wanaume. Kama huiwezi, kanunue baiskeli."

BAISKELI.

Na mke wangu akacheka. Alainimenti, yaani kunyoosha tairi, hakufanya, taa hakushusha, sawa, hayo tutayazungumza. Lakini baiskeli?

Nati_Legevu:
Bila picha hii ni chai.

MzeeWaGia:
Pole mkuu. Mimi nililalamika gari linaruka, akanijibu "itazoea". Nikamuuliza nani atazoea, springi au mgongo wangu? Halafu ile fimbo ya breki za nyuma inayopima mzigo, alikurekebishia? Gari likiinuliwa inadhani huna mzigo kabisa, inapunguza nguvu ya breki za nyuma.

Matope_Jumamosi:
Fimbo gani tena?? Mimi nilikuwa naangalia lile teke.

Shokapu_Kavu:
Springi za nyuma alizokufungia ni za mtu anayetembea na sanduku la zana la kilo 300 lisiloshuka siku zote. Ukiwa mtupu hazinepi, zinakurusha tu. Unachagua springi kwa mzigo unaobeba kila siku, siyo kwa urefu unaoutamani. Na mbele, kaweka spesa, kile kipande cha kuongeza urefu, juu ya shokapu? Unene gani?

Matope_Jumamosi:
Inchi 2, nimepima kwa rula. Hapo sina ugomvi naye, ndiyo niliyoomba.

Shokapu_Kavu:
Hahahaha mkuu. Shokapu imeshika katikati ya mkono wa chini, kile chuma kinachobeba tairi, na tairi lenyewe liko mwishoni. Spesa ya inchi 1 inainua karibu inchi 2. Wewe umepewa karibu 4! Hapo sivijointi, viungo vinavyozungusha tairi za mbele, zimekunjika kama goti la mtu aliyechuchumaa, na boljointi ya juu, kiungo cha mkono wa juu na tairi, imefika mwisho wake. Usitembee nayo. Kwa matumizi yako toa hizo spesa, funga springi na shokapu zake zenye kuinua inchi 2, fanya alainimenti, basi. Ukitaka zaidi ya hapo, ubadilishe na mikono ya juu.

Matope_Jumamosi:
Nimekuelewa. Lakini baiskeli, mkuu?

Nati_Legevu:
Hebu ngoja. Hiyo inchi 2 ulimtamkia?

Matope_Jumamosi:
Nilimwonyesha kwa vidole.

Nati_Legevu:
VIDOLE.

MzeeWaGia:
Ile picha ya gari acheni. Sasa tunataka picha ya vidole.

Difu_Chini:
Kinachoniumiza ni kwamba difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haijapanda hata unywele. Unainua bodi, ekseli inabaki pale pale. Inayoinua difu ni tairi, na lile la inchi 33 badala ya 31 linakupa inchi 1 tu. Mwenzetu kahamia ghorofani, difu kaiacha chini.

Bi_Usukani:
Mimi sina huruma na yeyote humu. Mnainua pua, taa hamshushi, usiku mkinikuta naona mifupa ya mkono wangu kama niko eksirei. Kanunueni baiskeli wote.

Matope_Jumamosi:
Dada na wewe?

Nati_Legevu:
Bi_Usukani kamaliza uzi.

MzeeWaGia:
Taa afadhali. Mimi nina yule kijana anayeniosheaga gari. Namwachia ufunguo nusu saa, narudi nakuta redio imebadilishwa stesheni na kioo cha kati kinaangalia uso wake.

Bi_Usukani:
Huyo namjua!! Na wangu alitumia na manukato niliyoyaacha kwenye droo.

Difu_Chini:
Wanne wamewahi kutoka kwenye gari langu. Niliacha matandiko tu.

Matope_Jumamosi:
Jamani uzi ni wa springi. Mke wangu ameniuliza sasa hivi, eti napenda ya rangi gani. Nimjibu nini?

Nati_Legevu:
Mkuu subiri kidogo, kuna jambo la maana hapa. Mzee, huyo kijana kiti alikisogeza au alikilaza?

MzeeWaGia:
Alikilaza. Nimekikuta cha moto.