Natoka Excel naingia R, programu ya takwimu: nianzie wapi?

Kibokoni77: Salaam wakuu. Nina faili la Excel la bei za jumla sokoni Kongowea, Mombasa, miaka mitatu: nyanya, vitunguu, viazi. Kolamu ni tarehe, bidhaa, bei. Nataka wastani wa kila mwezi na grafu. Laptop ni Windows 10, RAM GB 4. Nimeweka RStudio, inalalamika haioni R.

Takwimu_Pwani: RStudio ni dirisha la kazi tu, R yenyewe hujaiweka. Ishushe cran.r-project.org, kisha fungua RStudio tena. Zote ni za bure. RAM yatosha: namba yenye desimali hula baiti 8, kwa hiyo mistari milioni 1 yenye kolamu 10 ni kama MB 80.

Hifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), liweke kwenye folda yake, kisha unda New Project humo humo. Hapo hutahitaji kuandika njia ndefu ya faili. Ukiibandika njia ya Windows kama ilivyo, `"C:\Users..."`, R itagoma, maana `\U` kwake ni mwanzo wa msimbo wa herufi. Geuza kila `\` iwe `/`.

`soko <- read.csv("bei.csv")`
`str(soko)`

Hiyo `str`, inayoonyesha aina ya kila kolamu, usiiruke kamwe. Bei ikionyesha `chr` (maandishi) badala ya `num` au `int` (namba), kuna maandishi yamejichomeka, mara nyingi ni koma ya "1,200":

`soko$bei <- as.numeric(gsub(",", "", soko$bei))`

Ukionywa kuhusu NA (thamani isiyopo), kuna mahali mtu ameandika "hakuna" au "-".

mamandogo_data: Naongeza tarehe, maana hapo R hukosea kimyakimya. `as.Date("03/04/2023")` haitoi kosa lolote. Inakupa mwaka wa 3, Aprili 20! Huanza kwa kudhani mwaka ndio uliotangulia. Iambie siku ndiyo ya kwanza, kisha kokotoa wastani wa kila mwezi:

`soko$tarehe <- as.Date(soko$tarehe, format = "%d/%m/%Y")`
`soko$mwezi <- format(soko$tarehe, "%Y-%m")`
`aggregate(bei ~ bidhaa + mwezi, data = soko, FUN = mean)`

Kabla ya hapo piga `table(soko$bidhaa)`. "Nyanya" na "nyanya " ni bidhaa mbili kwa R. Zisafishe kwa `tolower` (hufanya herufi zote ndogo) na `trimws` (huondoa nafasi za pembeni). Na vipimo je? Kama nyanya leo ni bei ya kreti na kesho ya kilo, wastani huo hauna maana, hata ukokotolewe na nani.

Kibokoni77: Shukran sana. Grafu ni lazima ggplot2, kile kifurushi cha ziada cha kuchorea?

Takwimu_Pwani: Si lazima. Hii inakuja na R, huonyesha mtawanyiko wa bei kwa kila mwezi:

`boxplot(bei ~ mwezi, data = subset(soko, bidhaa == "nyanya"))`

Ukiitaka ggplot2, `install.packages("ggplot2")` ni mara moja tu, lakini `library(ggplot2)` ni kila ufunguapo R. Ukiona "could not find function", aghalabu umesahau hiyo ya pili. Usimalize bando kwa kusakinisha upya. Ikikuuliza kama isakinishe "from sources", jibu No, la sivyo utadaiwa Rtools, zana za kujengea vifurushi kutoka msimbo wake.