Barua ya unga: «si vous nous auriez» au «si vous nous aviez»?

Mama Mikate (Goma, Majengo)

Jambo wote. Mimi napika mikate na mandazi Majengo, tuko wanawake kadhaa kwenye jiko moja. Unga wa ngano tunaagiza kwa tajiri mmoja wa Bukavu, unapakiwa kwenye boti, unashuka hapa bandarini. Mara hii alituahidi Jumanne, unga ukafika Ijumaa. Katikati hapo wateja wetu wa asubuhi, mama wa chai na wenye migahawa, wakahamia kwa jirani. Wenzangu wamenituma niandike barua, na ni lazima iwe ya Kifaransa. Ukimwandikia tajiri Kiswahili anadhani unamsalimia tu.

Nimeandika hivi: *Si vous nous auriez livré la farine mardi, nous n'aurions pas perdu nos clients.*

Mtoto wa dada yangu, yuko humanités (sekondari), anasema *auriez* ya kwanza iondoke, niweke *aviez*. Nikamuuliza kwa nini. «Ni hivyo tu, tantine.» Hilo si jibu. Unga haukufika Jumanne, ni uongo kusema ulifika. Na kutopoteza wateja ni uongo vilevile, maana tumewapoteza. Mambo yote mawili hayakutokea. Basi kwa nini moja liandikwe kwa *aurions* na lingine liandikwe kama jambo lililotokea kweli?

Kadutu Juu (Bukavu)

Tantine, mtoto anasema kweli. Masomoni walitukaririsha: *les si n'aiment pas les rais*, yaani *si* («kama») haipendi vitenzi vyenye mwisho wa *-rais*, *-riez* na ndugu zao. Baada ya *si* weka *aviez*, upande wa pili weka *aurions*. Tuma barua.

Mzee wa Katindo (Goma)

Mama Mikate, huo msemo wa masomoni ni sawa lakini haukujibu ulichouliza. Na umeuliza vizuri kuliko mwalimu wa huyo mtoto alivyofundisha.

Nilifanya kazi ya kusahihisha habari kwenye redio moja hapa mjini mpaka nikastaafu. Sentensi kama yako nilikuwa naipokea kutoka kwa vijana wenye diploma mkononi. Inatoka kwenye Kiswahili chetu. Itamke tu: *kama mungetuletea unga, hatungepoteza makliya*. Kuna *-nge-* huku na *-nge-* kule. Hata wanaoandika Kiswahili cha vitabu, na *-ngali-* yao, wanaiweka pande zote mbili. Kifaransa hakirudii. Neno *si* limekwisha kumwambia msomaji kwamba tunadhania, kwa hiyo kitenzi kinacholifuata hakina haja ya kulisema tena. Kinarudi tu nyuma hatua moja: *vous aviez livré*, plus-que-parfait, jambo lililotakiwa liwe limekwisha kabla ya hasara. Hakidai kwamba unga ulifika. Conditionnel passé, ile *nous n'aurions pas perdu* yako, inabaki kwa tokeo peke yake, yaani kile ambacho kingekuwa.

Kuiunda hakuchoshi. Unachukua *avoir* au *être* katika conditionnel présent (*j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient*, au *je serais, tu serais* na kuendelea), unaongeza participe passé: *perdu, livré, payé, venu*. Kanusho linakizunguka kisaidizi: *nous n'aurions pas perdu*. Vitenzi vya *être* ni vilevile unavyovijua tangu passé composé, *aller, venir, partir, rester, tomber* na ndugu zao, pamoja na vyote vyenye *se*. Hapo uangalie mwisho wa neno. Mkiwa wanawake watupu mtaandika *nous serions allées ailleurs* («tungekwenda kwingine»). Akiwepo mwanaume mmoja kwenye jiko lenu, hata kama anapasua kuni tu, sarufi inampa yeye ushindi: *allés*. Sikuitunga mimi.

Na kwa kuwa mambo yenu yanapitia bandarini: *les porteurs seraient descendus du bateau*, lakini *les porteurs auraient descendu les sacs*. Mtu akishuka mwenyewe ni *être*. Akishusha kitu ni *avoir*.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa barua yako ni muhimu kuliko *si*. Conditionnel passé ikisimama peke yake, bila *si* yoyote, inaweza kumaanisha «inasemekana». Sisi wa habari tuliishi nayo. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya barabara ya ndege kwenye uwanja, watu waliiona, kwa hiyo unaandika *la lave a recouvert une partie de la piste*. Usiku wa 22 Mei 2021 mlima ulipopasuka tena, simu zinalia, kila mtu ana habari yake, mtu anakwambia uwanja umekwisha. Hujamtuma yeyote kuangalia. Unaandika *la lave aurait atteint l'aéroport*. Kulipokucha ikaonekana lava imesimama kabla ya uwanja. Aliyeandika *a atteint* alikuwa ametangaza uongo. Aliyeandika *aurait atteint* alikuwa ameripoti uvumi na akasema wazi kwamba ni uvumi.

Kwa hiyo kama mmesikia tu kwamba dereva wake alikataa kupakia mifuko yenu, andika *votre chauffeur aurait refusé de charger nos sacs*. Tajiri hataweza kusema mmemsingizia mtu wake. Lakini hilo la unga kufika Ijumaa mlilishuhudia wenyewe. Hapo weka *la farine est arrivée vendredi*. Ukiweka *serait arrivée* atafikiri hata nyinyi hamna uhakika, na atajinufaisha nalo.

Mwalimu wa Nguba (Bukavu)

Naongeza kidogo, maana msemo wa Kadutu Juu una tundu. *Si* ya sharti haipendi *-rais*, kweli. Lakini *si* ya kuuliza haina shida nayo: *nous nous demandons si vous auriez pu nous prévenir* («tunajiuliza kama mngeweza kutuarifu»). Wanafunzi wangu wanaikata hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi za wenzao, wanajiona wajanja, na wanaharibu sentensi nzuri. Kipimo: ukiweza kuweka *oui ou non* mwishoni, ni ya kuuliza.

Halafu *au cas où* («endapo»). Maana yake inakaribiana na *si*, tabia ni nyingine kabisa, yenyewe inataka conditionnel: *au cas où vous auriez oublié notre commande…* («endapo mmesahau oda yetu…»). Mama, hiyo nakuzawadia. Ni ya adabu na inauma.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)

Mnampunguzia mama heshima. Barua kwa tajiri iandikwe Kifaransa cha zamani, cha wakubwa wetu waliosomeshwa na mapadri: *Si vous nous eussiez livré la farine, nous n'eussions point perdu nos clients.* Hiyo ni conditionnel passé deuxième forme. Akiisoma atasimama.

Mzee wa Katindo

Papa Kamalondo, hamjambo huko Katanga? Sarufi yako haina kosa. *Eussions perdu* ni sura ya plus-que-parfait du subjonctif, na katika maandishi ya fasihi inaruhusiwa pande zote mbili, kwa hiyo ukitaka kuwa mkorofi unaweza kusema kwamba hapo Kifaransa kinafanana na *-nge-* yetu. Lakini tajiri wa unga atacheka, na tunachotaka alipe.

Mama Mikate

Aksanti sana, wazee wangu. Papa Kamalondo, nimewasomea wenzangu yako kwa sauti, mmoja akauliza kama ni sala.

Swali dogo. Nikitaka kusema kwamba leo hii tungekuwa bado na wale wateja, ni *nous aurions eu* au *nous aurions*?

Mwalimu wa Nguba

Leo hii? *Nous aurions encore ces clients.* Hiyo ni conditionnel présent ya *avoir*, ikifuatwa na nomino. Sharti limebaki nyuma (*si vous aviez livré mardi*) lakini tokeo liko leo, na Kifaransa kinakubali mchanganyiko huo. *Nous aurions eu* ungeitumia kwa tokeo lililokwisha pita: *nous aurions eu de quoi travailler mercredi*.

Mama Mikate

Hii hapa yote. Angalieni kabla sijamtuma mtoto akaipige kwenye mashine.

*Monsieur,*
*Si vous nous aviez livré la farine mardi, comme convenu, nous n'aurions pas perdu nos clients. La farine est arrivée vendredi. Votre chauffeur aurait refusé de charger nos sacs. Vous auriez pu nous prévenir : nous nous serions débrouillées autrement. Nous voulons une réduction sur la farine que vous auriez due nous livrer mardi.*

Hiyo *due* nimeiwekea *e* kwa sababu *farine* ni ya kike na imetangulia. Mtoto anabisha.

Kadutu Juu

Mtoto tena!

Mzee wa Katindo

Tena anabisha vizuri. Kanuni unayoifuata ipo: *la farine que vous auriez livrée*, hapo *e* ni lazima. Lakini kwako *que* ni mali ya *livrer*. Alichotakiwa kufanya tajiri ni *nous livrer la farine*, na hiyo *livrer* inakuja baada ya *dû*, bado ni infinitif (kitenzi kisichonyambuliwa). *Devoir* ikifuatwa hivyo na infinitif haibadiliki. Andika *que vous auriez dû nous livrer*, uweke na kile kikofia juu ya *u*.

Na badala ya *nous voulons* weka *nous demandons*. Mengine yaende kama yalivyo.