Mrejesho: yule kijana hodari mwenye mdomo mchafu

Wakuu, niliwauliza nimfanyeje kijana wa idara yangu: kazi anaijua kuliko wote, ila anawafokea wenzake na ujuzi anaubania. Mlioshauri nimfukuze, samahani, sikuwasikiliza. Nilimfuata aliyesema nimkabidhi mwanagenzi amfundishe, na tathmini yake ipimwe pia kwa maendeleo ya huyo mwanagenzi.

Mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Siku hizi namsikia, "Hebu rudia, nikuoneshe tena," bila kupandisha sauti. Kosa akilifanya, analiandika kwenye daftari la zamu kwa jina lake. Zamani kosa lilikuwa la mwingine kila mara. Salamu ya asubuhi bado ya kubahatisha (mtu na hulka yake). Cheo cha usimamizi alichoomba sijampa, asubiri kwanza.