Kumbi za zamani za Dar: tuzidai au tuziache ziende?

Wadau, juzi nimepita Barabara ya zamani ya Bagamoyo na mwanangu. Tulipofika kwenye ubalozi wa Marekani nikamwambia hapa palikuwa Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Hakunielewa. Ilifunguliwa 1966: magari yanapangwa kutazama ukuta mweupe, spika unaining'iniza dirishani. Baba hakuwa na gari, tulipakiwa kwenye Peugeot ya jirani watoto sita na sufuria la pilau. Picha ya Kihindi haijafika katikati tumeshalala mkekani. Baada ya bomu la 1998 ubalozi ukahamia hapo, ukafunguliwa 2003.

Ubalozi siulaumu. Lakini na kumbi za sinema za Empire, na Avalon, na Odeon? Msimamo wangu: halmashauri ikimpa mwekezaji kiwanja kilichokuwa na ukumbi wa watu, mkataba umbane aache ukumbi humo humo. Ghorofa apandishe, chini pabaki pa watu. Sheria ya Mambo ya Kale inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ukumbi wa miaka ya 60 hauna mtetezi mpaka waziri autangaze kuwa wa kulindwa. Mnasemaje?

Wa Tandika: Kaka, sinema hazikuuawa na mwekezaji. Tuliziacha wenyewe. Zilipoingia kaseti za video, kisha televisheni mwaka 1994, nani aliendelea kukata tiketi? Sisi tulibanana kwenye mabanda ya video, tukabishana staringi nani, na raha ilikuwepo. Halafu hiyo Drive-In ilikuwa ya wenye magari na majirani zao.

Mleta mada: La magari nakubali, sisi tulibahatika. Ila banda la video nalo limekufa, ndugu yangu. Vijana wa mtaani kwako leo wanakaa wapi jioni bila kulazimika kununua kitu?

Wa Tandika: Kwenye kijiwe cha bodaboda. Juani.

Binti wa Kariakoo: Kaka zangu mnaongelea waliokaa ndani. Mama yangu alikaanga samaki nje, bendi ya Sikinde walipokuwa wakipiga muziki kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo. Ada zetu za shule zilitoka kwenye karai lile. Watu wakitoka kucheza saa nane usiku wana njaa, wananunua bila kuuliza bei. Ukumbi ukifungwa hakuna anayemhesabu mwenye karai, wala fidia haimhusu. Kwa hiyo mimi nausimamia mkataba wa mleta mada, ila uanzie nje ya mlango: sehemu ya mama lishe, yenye paa na bomba la maji.

Wa Ilala: Na kuta zizuie sauti. Nimelala jirani na ukumbi miaka kumi na moja, mtoto mchanga ndani.

Mleta mada: Yote mawili naongeza. Dada, la karai sikuwa nimelifikiria kabisa.

Binti wa Kariakoo: Ongeza na choo cha wanawake chenye mlango unaofungika. Kumbi nyingi tulijibana mpaka nyumbani.