MREJESHO: Wale kereng'ende wa bonde la Msimbazi

Wakuu, nimerudi. Juzi niliuliza kama kereng'ende wembamba wawili niliowapiga picha kwenye bustani za mchicha, bonde la Msimbazi, ni aina mbili: mmoja mweusi mwenye pete ya buluu karibu na ncha ya mkia, mwingine wa rangi ya chungwa. Mkasema nipige tena, ubavuni na kwa juu. Nimekwenda alfajiri, wakiwa bado wamepoa, wametulia kabisa.

Huyu wa chungwa ana mstari mweusi mgongoni mwa mkia. Ceriagrion glabrum, aina nyingine ya kereng'ende wembamba, hana mstari huo, ni chungwa tupu. Kumbe huyu wangu ni jike changa la aina ya Ischnura senegalensis, na yule mweusi mwenye pete ya buluu ni dume wa aina hiyohiyo! Nimefurahi mno. Asanteni sana, hasa uliyesisitiza picha ya juu.