Sahihi ya Nolan Ryan yafifia, niipitishe kalamu?

NahodhaShela
Assalamu alaikum wanajamvi. Nina kadi moja tu ya besiboli, nami naienzi sana. Ni ya kampuni ya Topps, ya 1975, Nolan Ryan akiwa timu ya Angels. Nilipewa na mzee wa Kimarekani niliyempeleka kisiwa cha Manda Toto siku tatu mfululizo. Kila nikitweka tanga ananihadithia mrushaji wake huyo: wapigaji 5,714 aliowatoa kwa straiki, na mechi 7 ambazo wapinzani hawakupata hata pigo moja, ya mwisho 1991 akiwa na miaka 44. Siku ya kuondoka akanitia kadi mkononi.

Ina sahihi mbili: moja nyeusi, nyingine ya buluu iliyokatisha kifuani. Niliitia fremu nikaitundika mkabala na dirisha. Kaskazi mbili zimepita na buluu imekuwa kama maji ya nili yaliyokwisha kusuuza kanzu. R bado yaonekana, mkia wa herufi ya mwisho umepotea. Rafiki yangu asema niipitishe kalamu juu yake polepole. Nifanye?

MamaKasha_Malindi
Wa alaikum salaam mwanangu. Usithubutu! Ukiipitisha kalamu itakuwa sahihi yako, si ya Ryan tena. Ishushe leo hii. Jua ndilo linalokula wino, na kioo cha kawaida hakilizuii.

Mimi nina kadi yenye sahihi ya Bob Feller, mrushaji wa zamani. Iko ndani ya kifuko cha plastiki, kifuko kiko ndani ya kijaladi kigumu, na vyote vimo kashani pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, maana unyevu wetu wa pwani hupinda kadi. Chumba hicho sifukizi udi kabisa. Feller alitia sahihi vitu vingi mno hadi alipofariki 2010, ndiyo maana hata mimi nilimmudu. Lakini ukiletewa sahihi ya Christy Mathewson, mrushaji wa kale, kwa bei ya chee, kimbia. Yule alifariki 1925, sahihi yake ya kweli haipatikani kwa chee.

SonaraMkomani
Kaka, hiyo nyeusi ilichapwa kiwandani, usiihesabu. Ya buluu itazame kwa lenzi, uiinamishe kando ya taa. Wino wa kalamu hukaa juu ya picha, na mara nyingi humeta kivyake. Ila hapo utajua tu kwamba mtu aliandika kwa mkono. Kujua ni nani, kuna wakaguzi kama PSA na JSA huko Marekani, nao hulipwa. Lenzi ninayo dukani, pita.

NahodhaShela
Nimepita kwa Sonara baada ya alasiri. Buluu imekaa juu kweli, hata kwenye R kuna kidoto cha wino mzito pale kalamu ilipotua. Mkia niliodhani umepotea bado upo, mwembamba kama unywele. Mama amenipa nafasi kwenye sanduku lake, chini ya leso. Mama Kasha, hivyo vipakiti wavibadilisha baada ya muda gani?

MamaKasha_Malindi
Kila mwezi, mwanangu. Msimu wa mvua za masika, kila wiki mbili.